Dirisha Moja, Baridi Tatu: Donald Hall na Shamba la Wazee Wake

Fasihi ya uzee ni adimu kuliko uzee wenyewe. Washairi wengi huuimba ujana wakiwa vijana, na wafikapo utu uzima huurudia ujana uleule kwa majuto. Ni wachache wanaokubali kukaa kitini, kutazama nje na kuiandika siku isiyokuwa na tukio. Donald Hall, mshairi na mwandishi wa insha wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki Juni 2018, ni miongoni mwa wachache hao. Kitabu chake cha mwaka 2014, Essays After Eighty, yaani Insha Baada ya Themanini, kinafunguka kwa mzee aliyeketi dirishani katikati ya Januari, akiitazama theluji na banda la mifugo lisilokuwa tena na mifugo.

Jina la kitabu hicho halipiti bure katika sikio la msomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert naye alituachia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Yeye alizaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, kwa hiyo ile “baada” yake ilikuwa fupi mno. Hall alipewa muda mrefu zaidi, na kwa muda huo alipewa pia mzigo ambao Shaaban Robert hakuuishi: kuwapita kwa umri karibu wote aliowapenda. Shaaban Robert anayapima maisha yake ili msomaji avune mawaidha. Hall anawaonea haya watoa mawaidha. Anaeleza tu alichokiona, na funzo, kama lipo, analiacha lijitokeze lenyewe.

Shamba lenyewe liitwalo Eagle Pond liko Wilmot, katika jimbo la New Hampshire, karibu na mlima Kearsarge. Nyumba yake nyeupe ya mbao ilijengwa mwaka 1803, na ukoo wa mamake Hall uliinunua mwaka 1865. Hapo waliishi babu yake, Wesley Wells, na bibi yake, Kate. Hall alikulia Connecticut, ila kila kiangazi alipelekwa shambani kumsaidia babu kuvuna nyasi za ng’ombe. Mwaka 1975 aliacha kazi ya kudumu katika Chuo Kikuu cha Michigan, akahamia katika nyumba hiyo pamoja na mkewe, mshairi Jane Kenyon, akaishi kwa kalamu mpaka kufa kwake.

Mfasiri atakayetaka kulileta shamba hili katika Kiswahili atakwama mapema, kwenye neno la majira. Kamusi zitampa “kipupwe”. Lakini kipupwe cha pwani ni miezi ya Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma na watu wakijifunika shuka alfajiri. Januari ya Hall huangukia kaskazi, wakati wa joto kali Unguja na Mombasa. Tena kipupwe hakiui mtu, wala hakimfungii ndani. Baridi ya New Hampshire huweza kufanya yote mawili. Afadhali mfasiri aseme “majira ya baridi” kwa urefu wake, kuliko kumpa msomaji kitulizo ambacho mtunzi hakukikusudia.

Ukizisoma kazi za Hall kwa mfululizo, utaziona baridi tatu tofauti zikipita katika nyumba moja.

Ya kwanza ni baridi ambayo haikuonekana. Katika String Too Short to Be Saved, kumbukumbu zake za mwaka 1961, shamba ni la kiangazi, kwa kuwa mtoto alilijua wakati huo. Hata hivyo baridi imo, imejificha. Wakulima wa huko walikata barafu ziwani majira ya baridi, wakaihifadhi bandani ndani ya unga wa mbao, na kiangazi wakapozea maziwa kwa barafu hiyo. Mvulana aliigusa Januari ndani ya Julai. Jina la kitabu latokana na kisa cha kisanduku kilichokutwa darini, kimeandikwa kwamba ndani yake mna vipande vya kamba vifupi mno visivyofaa kuhifadhiwa. Na bado vilikuwa vimehifadhiwa. Hapo ndipo penye mbegu ya kila alichokuja kukiandika Hall baadaye juu ya siku za kawaida.

Baridi ya pili imo katika Seasons at Eagle Pond, kitabu cha mwaka 1987 chenye insha nne, moja kwa kila majira. Hii ni baridi ya urithi: majiko ya kuni, masimulizi ya mababu, mtu mzima anayefurahi kufungiwa ndani na theluji kwa sababu ana karatasi, ana moto, na ana mke anayeandika katika chumba kingine. Lugha yake ni tamu, na utamu huo ndio udhaifu wake. Babu aliamka gizani kukamua ng’ombe kwa sababu asingekula vinginevyo. Mjukuu aliamka gizani kuandika. Zote mbili ni kazi, na Hall aliandika kitabu kizima, Life Work cha mwaka 1993, kuupima uhusiano wao. Lakini katika insha ya baridi mizani haijakaa sawa. Theluji inapendeza upesi mno. Msomaji aliyewahi kulima kwa lazima atauliza, kwa haki kabisa, kama uzuri huu ungaliandikwa na mwenye zizi.

Shahidi mzuri wa swali hilo ni Kenyon mwenyewe. Diwani yake ya kwanza, From Room to Room ya mwaka 1978, inamwonesha mwanamke aliyeingia katika nyumba ya ukoo wa mumewe, akizunguka chumba hadi chumba miongoni mwa vitu vya watu asiowazaa wala waliomzaa. Kila mwali aliyekwenda kuishi ukweni ataijua hali hiyo bila kuelezwa. Kenyon aliishi na ugonjwa wa sonona kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ukimya wa nyumba ileile ambao kwa mumewe ulikuwa neema, kwake mara nyingine ulikuwa uzito. Anayetaka kuijua baridi ya Eagle Pond asisome kalamu moja peke yake.

Kisha mambo yakapinduka. Mwaka 1989 Hall aligundulika kuwa na saratani, na mwaka 1992 ikaonekana imefika kwenye ini. Wote wawili walitarajia atangulie yeye. Akatangulia Kenyon, Aprili 1995, kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 47. Diwani ya Without ya mwaka 1998 ndiyo iliyobeba kilio hicho. Insha za uzeeni zinakuja baada ya kilio kukauka, na ndani yake imo baridi ya tatu.

Insha iitwayo “Out the Window”, iliyotoka kwanza katika jarida la The New Yorker Januari 2012, haina msuko wa visa. Mzee ameketi. Ndege wanakuja kula. Theluji imelala juu ya banda. Anamkumbuka mamake, ambaye naye alipotimiza miaka tisini alikuwa akitazama nje ya dirisha lake Connecticut. Hakuna babu wa kusifiwa wala moto wa kupambwa. Maneno yamepunguzwa kama mizigo ya msafiri aliyejua njia ni ndefu. Banda lililokuwa alama ya ukoo katika kitabu cha 1987 sasa ni banda tu, na kwa sababu hiyo linaonekana vizuri zaidi.

Kisa kikubwa cha insha hiyo hakitokei shambani. Hall alikwenda Washington kupokea nishani ya taifa ya sanaa, na katika jumba la sanaa, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mlinzi mmoja akamweleza kwa wema kwamba sanamu ile ni ya Henry Moore. Hall alimjua Moore, na alikuwa ameandika kitabu kizima juu yake. Akanyamaza. Baadaye mlinzi yuleyule akamwinamia na kumuuliza habari za chakula kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Waswahili husema utu uzima dawa, na penye wazee haliharibiki neno. Hall anaonesha jamii ambamo mzee huheshimiwa kwa nishani asubuhi, na jioni hunyang’anywa utu kwa huruma. Hana hasira anaposimulia, ndiyo maana kisa kinachoma. Na msomaji wa visiwani asiharakishe kujipongeza: kumpa mzee shikamoo si sawa na kumsikiliza.

Hall alikiri kwamba katika miaka hiyo mashairi yalimwacha, akabaki na nathari. Kukiri huko kumezipa insha zake unyofu ambao mashairi yake mengine hayakuufikia. Tena hafichi kwamba utulivu wake una wanaoubeba. Anawataja wanaomsaidia, kwa kuwa mzee asiyeweza kuendesha gari wala kutembea bila kuyumba hakai peke yake kijijini kwa ushujaa wake. Angeweza kuwapa nafasi kubwa zaidi. Amani ya mtu aliyeketi dirishani inategemea mtu mwingine aliyeko nje, anayeiondoa theluji njiani.

Katika kitabu chake cha mwisho, A Carnival of Losses cha mwaka 2018, Hall alifurahi kwamba mjukuu wake angelirithi shamba. Haikuwa hivyo. Mwaka uliofuata kifo chake vyombo vya nyumba vilipigwa mnada, na nyumba ikatoka mikononi mwa ukoo baada ya zaidi ya karne moja na nusu. Wenye mashamba ya urithi, ambako karafuu na minazi hugawanywa kwa warithi waliokwisha hamia mjini, hawatashangaa. Waswahili pia husema mwacha asili ni mtumwa. Lakini si haki kumtaka kijana akalinde dirisha la babu yake.

Tukio hilo limezibadilisha insha za Hall. Sehemu zilizotegemea urithi kuendelea sasa zinasomeka kama tumaini lililokosea. Zile zilizotegemea jicho peke yake zimesimama palepale: ndege, paa, theluji, mzee anayengoja jioni. Vilikuwa vipande vifupi mno, na kuna aliyevihifadhi.