Kabla ya Kulaumu Betri

Fundi wa kompyuta ninayemheshimu kuliko wote ana kibanda chembamba Kariakoo, na nikipata nafasi hukaa kwenye benchi lake nikimtazama akifanya kazi. Mteja akifika na kulalamika kwamba kompyuta mpakato yake haijai chaji, mkono wa fundi hauendi kwenye bisibisi. Anauliza kwanza: "Inagomea asilimia ngapi? Ni hapo hapo kila siku, au leo hapa, kesho pale?" Wapo wanaoudhika, maana wamekuja na hela ya betri mpya mkononi na hawakutarajia kuhojiwa. Lakini swali hilo ndilo linalomtenganisha na kanjanja, na ustadi ninaotaka kuusifu umo ndani yake: ustadi wa kutoihukumu betri kabla ya kuipima.

Betri inayosimama kwenye 80 kila siku, haipandi wala haishuki, mara nyingi ni nzima. Imeamriwa isimame. Seli ya lithiamu ikijazwa kabisa hufika kama volti 4.2, na kuishi muda mrefu kwenye kilele hicho, hasa penye joto, kunaizeesha: utando ulio kwenye upande wake hasi unazidi kunenepa, na lithiamu inayonaswa humo hairudi tena kazini. Ndiyo sababu Lenovo, Dell, HP, Asus na Apple wote wana mipangilio ya kuizuia chaji isifike juu kabisa. Sasa zitazame mashine za mtumba zilizojaa madukani kwetu. Nyingi zilikuwa za maofisini ng'ambo, zikikaa mezani kutwa waya umechomekwa, na mtu wa kule akaweka kikomo ili betri idumu. Kabla ya kuuzwa, diski ikafutwa na Windows ikawekwa upya, lakini kikomo kilichowekwa kwenye bayosi, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, hakiondoki kwa kufuta diski. Mashine ikavuka bahari pamoja na busara ya mwenyewe wa zamani, na mnunuzi wa huku akaiona busara hiyo kuwa ugonjwa.

Binti mmoja wa chuo alifika na mashine ya namna hiyo. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu, lete tuone." Duka jingine lilikuwa limeshamwambia betri imekufa, na bei ameshapewa. Fundi akaizima, akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha kuingilia bayosi, akashuka taratibu hadi ukurasa wa betri, akaondoa kikomo. Tukasubiri. 80 ikawa 81, kisha 82. "Hela yako ya betri irudishe kwenye mkoba," akamwambia. "Ila kama mashine hii inashinda mezani, nakushauri tukirudishe kikomo pale pale. Betri itakaa nawe zaidi." Binti akafikiri kidogo, akasema kirudishwe. Akaondoka na kompyuta inayoishia 80 kama alivyokuja nayo, ila sasa anajua kwa nini.

Betri inayorukaruka ni habari nyingine: leo inaishia 93, kesho 97, na siku moja inazima ghafla ikiwa bado inaonyesha 20. Hapo fundi humweleza mteja jambo ambalo wengi hawajawahi kuambiwa, kwamba ile asilimia ni hesabu ya kukadiria. Ndani ya betri kuna chipu ndogo inayopima umeme unaoingia na unaotoka, ikijumlisha na kutoa, mithili ya karani anayehesabu magunia mlangoni pasipo kuingia ghalani. Makosa madogo madogo hulimbikizana. Mtu anayechaji kidogo asubuhi, umeme ukakatika, akamalizia jioni, huenda miezi ipite chipu yake haijaona ghala tupu wala ghala lililojaa. Dawa yake haigharimu kitu: ichajiwe mpaka mwisho, itumike bila waya mpaka ijizime yenyewe, halafu ichajiwe tena moja kwa moja bila kukatizwa. Si dawa ya kutumia kila wiki, kwa sababu kuikausha betri mara kwa mara nako kunaichosha. Hutolewa pale tu hesabu inapokuwa imepotoka.

Pale pale benchini anaandika amri fupi ambayo Windows imekuwa nayo kwa miaka, powercfg /batteryreport, na kompyuta inatoa ripoti ya betri. Anachotafuta humo ni namba mbili: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo inaojaa nao sasa. Tuseme ilitoka na wati-saa 50 na leo inajaa kwa 31. Betri hiyo itafika 100 kila siku bila shida, na haitakuwa na hata theluthi mbili ya nguvu zake za awali. Kuna mtu analia kwamba betri yake haijai, kumbe ni nzima, na jirani yake anajivunia 100 huku betri imechoka. Bila namba hizo mbili, fundi na mteja wote wanabahatisha.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya chaja. Anaishika kwenye ncha, anaielekeza kwenye taa, anachungulia ndani ya tundu. Chaja nyingi za Dell zenye ncha ya mviringo zina pini nyembamba kama sindano katikati kabisa. Pini hiyo haipeleki nguvu za kuendeshea mashine. Inapeleka utambulisho: kuna chipu ndani ya chaja inayoiambia kompyuta ni ya wati ngapi. Pini ikipinda, au kijiwaya chake kikikatikia karibu na ncha pale watu wanapoukunja waya, kompyuta itaendelea kuwaka na mwenyewe ataona umeme upo, lakini betri haitapanda. Chaja haijatambulika, na mashine imekataa kuihatarisha betri. Nimemwona akiupapasa waya wote kwa kidole gumba na cha shahada, pole pole, akaugandamiza mahali pamoja karibu na ncha, na taa ya chaji ikawaka. Alipouachia, ikazima. Hapo hapakuwa na haja ya kufungua skrubu hata moja.

Baadaye huja mita. Chaja imeandikwa volti 19.5, na mita inasoma 19.5, lakini yeye haridhiki, kwa kuwa chaja feki inaweza kuonyesha volti safi ikiwa haijabeba mzigo, kisha ikanywea mara kompyuta inapoanza kuvuta. Kwa hiyo anaipima mashine ikiwa kazini, video inacheza na mwanga wa skrini umepandishwa. Anasoma pia maandishi madogo mgongoni. Mashine inayotaka wati 90 ukiipa chaja ya 65, itajihudumia yenyewe kwanza, na betri itangoja masalio. Ukiizima usiku inajaa, mchana ukiitumia haipandi, na lawama zote zinaiangukia betri.

Joto nalo halisahau. Betri ina kihisi cha joto, na ikipata moto, kwa kawaida karibu nyuzi 45, uchajishaji hupunguzwa au husimamishwa. Kwa jiji la Dar es Salaam mwezi Februari, chini ya bati, kompyuta ikiwa juu ya godoro na feni imezibwa na vumbi, kiwango hicho hakiko mbali.

Haya yote yakishapita na betri bado haijai, ndipo anaigeuza mashine na kuchukua bisibisi. Betri nyingi zina seli tatu zilizofuatana, zikijaa ni volti 12.6. Seli moja ikichoka, mtu angedhani yenyewe ndiyo itakayochelewa kujaa. Ni kinyume chake: iliyochoka ina nafasi ndogo, kwa hiyo inafika volti 4.2 mapema, na saketi ya ulinzi inasimamisha chaji kwa zote huku wenzake bado wana njaa. Volti hizo zina historia. Ni mwaka 1980 ambapo timu ya John Goodenough pale Oxford ilionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kutoa karibu volti 4. Akira Yoshino akajenga juu ya kazi hiyo, Sony wakaiingiza betri sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wawili hao pamoja na Stanley Whittingham wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ninapoiona mita ya Kariakoo ikisoma 4.2 kwenye seli, naona kazi yao ikiendelea mikononi mwa mtu anayeijua kwa vitendo.

Ikiwa betri imevimba na kuinua kibodi, anaiondoa siku hiyo hiyo, bila kuibonyeza wala kuitoboa, na hakubali mteja aende nayo nyumbani "kwa akiba".

Kinachoniuma ni namna tunavyolipa ustadi huu. Tunatoa fedha bila ubishi kwa spea iliyobadilishwa, lakini fundi akitumia saa nzima kugundua kwamba hakuna cha kubadilisha, tunasema hajafanya kitu. Hivyo tunamsukuma auze betri isiyohitajika, kwa sababu ukweli haumlishi. Huyu wa kwangu ameandika ada ya kupima ukutani kwa wino mwekundu. Ukinunua betri kwake, ada hiyo inakatwa kwenye bei. Usiponunua, umemlipa kwa kukuzuia kununua. Naona ni haki kabisa, na natamani kila kibanda cha mtaa ule kiwe na maandishi kama hayo, na wateja tuyalipe bila kununa.