Klarineti Moja Mbele ya Klarineti Kumi na Mbili



Mwaka jana mpwa wangu alipiga Concertino ya Weber akisindikizwa na bendi ya shule yake hapa Katy, na sisi tuliokaa safu ya tano hatukumsikia. Kumwona tulimwona. Vidole vilikwenda vizuri, lakini sauti iliyotufikia ilikuwa ya bendi. Tulipotoka nje akaniuliza, "Mjomba, umenisikia?" Nikamjibu nimemsikia. Uongo ule umenikaa moyoni, na ndio ulionifanya nianze kuchimba. Mtoto alikuwa amejiandaa miezi sita, na bendi wala haikupiga kwa fujo. Kosa lilikuwa wapi?

Kwa maoni yangu lilikuwa ndani ya nota zenyewe. Weber alimtungia Heinrich Baermann kipande hicho mwaka 1811, na okestra aliyoiandikia ina fluti, oboe, basuni, pembe za shaba, tarumbeta, ngoma za timpani na ala za nyuzi. Klarineti haimo. Mozart naye vilevile: koncheto yake K. 622 ya mwaka 1791, aliyomtungia Anton Stadler, ina fluti, basuni, pembe na nyuzi, basi. Sidhani kama walizisahau. Yule wa solo ameachiwa rangi yake ya sauti peke yake, kama mwimbaji wa taarab anavyoachiwa ubeti wake, fidla zikamjibu, na waitikiaji wakangoja zamu yao. Hebu fikirieni waitikiaji kumi na wawili wakiuimba ubeti pamoja naye, kwa sauti ileile, halafu tunaambiwa tumsikilize mmoja!

Ndivyo inavyokuwa okestra inapogeuzwa bendi. Bendi ya ala za kupuliza haina fidla, na kazi ya fidla sharti ichukuliwe na mtu. Wanaopewa ni klarineti, kwa sababu ndizo nyingi, zinaweza kukimbia, na zinapanda juu bila kelele. Kwa kufungulia opera au kwa marshi, mbinu hiyo ni sawa kabisa. Kwa koncheto ya klarineti, mpangaji (na neno lenyewe linamfaa, maana anakaa katika nyumba ya mwenzake) anaingiza kwa mlango wa nyuma kilekile alichokitoa mwenye nyumba.

Sisi watu wa tafsiri jambo hili si geni kwetu. Nyerere alipoiita tamthilia ya Shakespeare Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, alichagua neno lenye uzito wake, na mtu unaweza kubishana naye kwa sababu alichagua. Mipangilio mingi ya bendi niliyoipitia haichagui kitu. Palipo na fidla ya kwanza, weka klarineti ya kwanza. Ni tafsiri ya kamusi.

Sasa, kutafuta kipande kizuri. Hapa Texas orodha ya UIL ni kama msahafu wa waalimu wa muziki, lakini solo zake huenda na piano, na nyimbo za bendi ziko upande wake. Anayetaka vyote viwili kwa pamoja inambidi apekue kwa wachapishaji mwenyewe. Ushauri wangu: kabla ya kulipa, tazameni ukurasa wa kwanza wa nota za mwongozaji, pale solo inapoingia, muone klarineti za bendi zinafanya nini. Zikiwa zinapiga juu kwenye eneo lake, rudisheni. Na kwa Mozart kuna mtego mwingine. Aliandikia klarineti ya A, na ya kawaida ya shuleni iko juu yake kwa nusu toni; bendi ikihamishwa ili vidole visibadilike, piano ya mazoezi yenye nota za asili haitalingana nayo. Mtoto atachanganyikiwa bure.

Copland simshauri mtu. Koncheto yake iliyokamilika mwaka 1948, kwa ajili ya Benny Goodman, inasindikizwa na nyuzi, kinubi na piano tu. Ukitoa nyuzi umetoa nyumba nzima. Ile ya Frank Ticheli ya mwaka 2010 ina toleo la bendi, na bwana huyu amekulia kwa sehemu hapa hapa Texas, Richardson, na bendi anaijua kama kiganja chake. Ni nzuri sana, ila si ya mwanafunzi wa sekondari. Artie Shaw ni burudani, mradi mpiga ngoma ajizuie.

Kinachobaki, na ndicho ninachokitetea, ni kile kipande cha Rimsky-Korsakov cha mwaka 1878. Wakati ule alikuwa mkaguzi wa bendi za jeshi la majini la Urusi, kazi aliyoianza mwaka 1873, kwa hiyo aliiandikia bendi moja kwa moja. Hakuna fidla ya kutafutiwa mrithi. Watakaosema si utunzi mkubwa, sawa, sibishi. Ukiuweka karibu na Weber unaonekana mwembamba. Lakini ni kitu kilichozaliwa humo humo kwenye bendi, na hakizidi dakika kumi.

Mpwa wangu hakukubali. Anamtaka Weber tena, ati hajamalizana naye. Basi nimezungumza na mwalimu wake, tena kwa adabu, maana mimi si mwanamuziki: klarineti za bendi zipunguzwe zibaki tatu, mtu mmoja kwa kila sauti, na pale solo inapokwenda chini, nota za fidla zihamie kwa fluti na saksafoni. Amesema atajaribu, onyesho ni Mei. Kama kuna mwenzetu wa Dallas au kwingineko ambaye amewahi kusikia Weber kwa mpango wa namna hiyo, aniambie yale mapigo marefu ya chini yalisikika au hayakusikika. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.