Shujaa, Mashujaa, Shujaaz: Katuni ya Nairobi kwa Mizani ya Kau

Mwaka 2010 wasomaji wa gazeti la Nation nchini Kenya walianza kukuta ndani ya gazeti lao kijitabu cha hadithi za picha kisicholipiwa, kiitwacho Shujaaz. Kilitungwa na kuchorwa Nairobi na kampuni ya Well Told Story, kikaandikwa kwa Sheng, na nakala zake, ambazo kwa mwezi zilipita 500,000, zilisambazwa pia katika vibanda vya Safaricom nchini kote. Mhusika wake mkuu ni kijana aitwaye Boyie, aliyemaliza shule na kukosa kazi, ambaye kwa siri hurusha matangazo ya redio kutoka chumbani mwake akijiita DJ B. Mwaka 2012 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy kwa upande wa vyombo vya kidijitali. Tangu hapo imezungumziwa sana, ila na watu wa aina mbili tu: wanaisimu, waliochota humo mifano ya Sheng, na watu wa maendeleo, waliopima ni vijana wangapi waliobadili mwenendo baada ya kuisoma. Kuihakiki kama fasihi, yaani kuuliza shujaa wake ni shujaa wa namna gani na ana uhusiano gani na hadhira yake, ni kazi ambayo idara za lugha zimewaachia wengine.

Jina lenyewe ladai kuchunguzwa kabla ya hadithi. Kiswahili kina shujaa, nomino yenye asili ya Kiarabu, na wingi wake ni mashujaa. Na kwa kuwa inataja kiumbe chenye uhai, upatanisho wake ni wa watu: shujaa amefika, mashujaa wamefika. Katika jina la katuni hii kiambishi ma- kimeondolewa na mahali pake pametiwa, mwishoni, alama ya wingi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa z. Wengi wataharakisha kusema kwamba hiyo ndiyo Sheng. Sivyo. Sheng haijakichoka kiambishi ma-. Kinyume chake, imekipa kazi nyingi kuliko Kiswahili Sanifu kilivyothubutu. Wasemaji wake husema masonko, husema mabeshte, na hata neno lililokwisha kupewa wingi wa Kiingereza hulivika ma- juu yake, wakasema maboyz. Kijana wa Eastlands aachwe aseme kwa hiari yake, atasema mashujaa kama alivyosema nyanya yake. Hiyo z ya mwisho basi haikutoka mtaani. Imetoka katika sanaa ya matangazo ya biashara, ambako neno la kawaida hupindwa kidogo ili lipate kumilikiwa.

Badiliko la pili ni la kisarufi na lina uzito zaidi, ingawa halionekani kwenye jalada. Neno likishakuwa jina la kitu kinachotolewa kila mwezi, upatanisho wake huhama. Mtu haulizi, Shujaaz wametoka? Huuliza, Shujaaz imetoka? Shujaa amehama katika ngeli ya watu akaingia katika ngeli ya redio, kalamu na sigara. Bila shaka kila jarida lenye jina la mtu lina hatari hiyo. Hata Joe, jarida la vichekesho lililoanzishwa na Terry Hirst na Hilary Ng'weno mwaka 1973, lilikuwa likitoka na kununuliwa. Hata hivyo msomaji wa Taifa Leo aliyemzoea Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo mingi aliweza kufungua ukurasa na kuuliza kama Juha yumo leo, wala sarufi haikumzuia, kwa sababu Juha alikuwa mtu aliyekaa ndani ya gazeti. Boyie si mtu akaaye ndani ya gazeti. Yumo katika kijitabu, yumo katika vipindi vya redio vilivyorushwa na vituo vingi, yumo katika Facebook akijibu barua za washabiki kwa jina lake la kubuni kana kwamba ana mikono. Habari zake na yeye mwenyewe ni kitu kimoja, na kitu hicho kimetandazwa kibandani karibu na kadi za simu.

Hapa yafaa kutazama mbali kidogo. Nchini Marekani, mwaka 1984, wachoraji wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, walijichapishia wenyewe nakala 3,000 hivi za katuni ya kobe wanne wapiganaji, kwa wino mweusi katika karatasi duni. Wanasesere wa kobe hao hawakuingia madukani hadi mwaka 1988. Utaratibu ulikuwa huo: kwanza hadithi, halafu washabiki, halafu bidhaa, na bidhaa zikaja kwa sababu washabiki walikuwa wamekwisha kulipa kwa fedha zao na kuthibitisha upendo wao. Afrika ya Mashariki nayo imewahi kuwa na utaratibu huo kwa kiasi chake. Pichadithi, mfululizo ulioanzishwa na Hirst huko Nairobi, na Sani, jarida la Dar es Salaam la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, viliuzwa. Mnunuzi asiyefurahishwa na toleo la mwezi huu aliweza kubaki na senti zake mwezi ujao, na huo ulikuwa uhakiki mkali kuliko huu unaoandikwa vyuoni. Shujaaz, iliyogharamiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili wa ng'ambo, wakiwamo serikali ya Uingereza na wakfu wa Gates, haikumpa msomaji silaha hiyo. Ni katuni huru kwa maana kwamba haikutungwa na mhariri wa gazeti lililoibeba. Lakini uhuru wa msomaji wa kuikataa ulikuwa mdogo, maana kitu cha bure hakikataliwi, huachwa tu.

Sasa katuni hii ipelekwe Kau. Mahali hapa hapakuteuliwa kwa kubahatisha. Kau ni mji mdogo wa kale katika ukingo wa mto Ozi, juu ya Kipini, katika jimbo la Garsen, na enzi zake ulikuwa bandari ya mtoni ambako mazao ya bonde la Tana yalikutana na vyombo vya pwani. Wenyeji wa sehemu hizo ni Waswahili, Wapokomo na Waorma, na Kipokomo chenyewe ni ndugu wa karibu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kingazija. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipate kuvuka kutoka Tana hadi Ozi. Baadaye Tana yenyewe ikaufuata mfereji, ukapanuka, na kilichokuwa njia ya biashara kikawa mto. Wale wanaoogopa kwamba Sheng ni mfereji uliochimbwa na makuli na utingo, usiostahili kuitwa mto, wangefanya vema kuitazama ramani ya Ozi. Kijana wa Kau hakuhitaji mkalimani ili amwelewe Boyie. Alikwisha kuisikia Sheng redioni, shuleni na katika magari ya abiria yapitayo Minjila. Hoja ya kwamba lugha ya Nairobi ilimzuia haina nguvu, na ingefaa iachwe.

Kinachomzuia ni kingine. Kau na Kipini ni nchi ya shujaa mwingine, Fumo Liongo, ambaye watu wa huko huonyesha kaburi lake karibu na mdomo wa Ozi. Kisa chake kilichapwa na Edward Steere mwaka 1870 kama alivyokipokea Unguja, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Kabla ya hapo kilikuwa kikiimbwa na kuchezwa. Kila mwalimu wa fasihi anakijua kisa cha gerezani. Liongo amefungwa. Anatunga wimbo, na kijakazi Saada anapeleka maneno kwa mama: aoke mikate mizuri, na pamoja nayo mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanakula mikate mizuri, wanamtupia mfungwa wishwa. Kisha Liongo anawafundisha watu ngoma ya gungu, na chini ya kelele za ngoma anazikata pingu.

Mfano huu unaieleza Shujaaz kuliko nadharia nyingi za mawasiliano. Kijitabu nacho ni mkate wenye kitu ndani. Msomaji anakula kichekesho, na ndani ya kichekesho mmetiwa ujumbe: uzazi wa majira, uchaguzi, kilimo. Kisa mashuhuri kuliko vyote ni kile cha kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa chakula. Ni kisa kizuri kwa kweli. Kina mzaha, kina picha isiyosahaulika, na msomaji aliweza kukijaribu kesho yake asubuhi bila ya kumwomba mtu ruhusa. Wenye kuibeza katuni hii kwa kusema ni mahubiri matupu hawakukisoma kisa hicho. Wala fasihi ya Kiswahili, yenye nyaradhi na tendi za mawaidha kwa karne nyingi, haina uso wa kuyacheka mafunzo.

Tofauti ipo katika jambo moja. Tupa ile iliagizwa na mfungwa mwenyewe. Liongo alijua pingu zake ni za chuma, akajua kinachokata chuma, akaagiza. Katika Shujaaz tupa huchaguliwa na mwenye kuoka. Watunzi walifanya bidii ya kuwasikiliza vijana, na maelfu walimwandikia DJ B. Hilo halina budi kukubaliwa. Lakini orodha ya mambo ambayo mfadhili yu tayari kuyagharimia hukamilika kabla ya barua ya kwanza kufunguliwa. Mwaka ule ule wa tuzo, 2012, vijana wa rika la Boyie katika delta ya Tana walikuwa wakiuana. Tarehe 22 Agosti kilishambuliwa kijiji cha Riketa, mwezi wa Septemba Kilelengwani, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2013 waliokufa, Waorma na Wapokomo, walizidi 100. Ugomvi ulikuwa juu ya ardhi, malisho na njia za kufikia maji, nao ulichochewa na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Si haki kudai kwamba kijitabu cha picha kingaliuzuia, na hakuna mhakiki mwenye akili atakayedai hivyo. Linaloweza kuulizwa ni kama kijana wa Kau, angaliachwa kuagiza tupa yake, angaliagiza rangi ya vifaranga.

Katika suala la bidhaa pia pwani haikungoja kufundishwa. Kwa zaidi ya karne moja wanawake wa mwambao wamenunua kitambaa chenye picha katikati na maneno chini yake, ambacho Kenya huitwa leso na kwingine kanga. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Kwa sura yake si mbali na ukurasa wa katuni: picha moja, kauli moja. Lakini jina la leso ni la mvaaji. Hulichagua dukani akijua atamvalia nani, akapita mbele ya jirani bila ya kufungua kinywa, na jirani akajibu wiki ijayo kwa leso yake mwenyewe. Fulana yenye jina la katuni hufanya kazi iliyo kinyume: mvaaji husema maneno ya mwenye fulana, na hana jirani wa kumjibu. Wanaotaka katuni ya Kiswahili yenye washabiki wa kweli wangejifunza zaidi kwa muuza leso wa Mombasa kuliko kwa maduka ya Marekani yanayouza kobe wa plastiki.

Limebaki suala la siri, na hapa ndipo tofauti ya tanzu inapodhihirika. Boyie ana siri: hakuna ajuaye kwamba yeye ndiye DJ B. Liongo naye ana siri: haui mwili wake mkuki wala mshale, isipokuwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Siri ya Boyie haiwezi kutoka, kwa maana ikitoka mfululizo umekwisha, na mfululizo ukiisha hakuna toleo la mwezi ujao. Kila mwezi inakaribia kufichuka, kila mwezi inanusurika, na baada ya matoleo kadhaa msomaji hahofu tena, kama abiria asiyeshtuka breki zikilia. Huo ni udhaifu wa fani, wala si wa mchoraji, ambaye mara nyingi ana mkono mwepesi na jicho kali la kuona mtaa. Siri ya Liongo inatoka, tena kwa njia ya nyumbani kabisa: mwanawe, au mpwawe kwa mapokezi mengine, anaahidiwa mke, anamwuliza mzee kitu gani kinachoweza kumuua, na mzee, akijua anachoulizwa, anajibu. Habari za shujaa zinauzwa na mtu wa damu yake kwa bei iliyokubaliwa. Ndiyo bidhaa ya kwanza katika kisa hiki, na mtambaji wa kale aliiweka pale ambapo lazima iume.

Baada ya kuchomwa, Liongo anachukua uta wake, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na kufa katika hali hiyo. Watu hawathubutu kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu, na mama mtu anaitwa aje ambembeleze mwanawe aliyekwisha kufa awaachie watu kisima. Hakuna toleo linalofuata. Pale Ozi mtoto akiuliza shujaa amekwenda wapi, huonyeshwa kaburi, na upatanisho wa jibu anaopewa ni wa mtu: yuko pale.