Klachi Ilizimwa Japani: Jinsi Subaru za Nairobi Zilivyopoteza Kanyagio la Tatu

Mjadala wa gia za mkono na otomatiki hapa Nairobi huishia kwenye majigambo: nani anajua kuendesha na nani anaendeshwa na gari lake. Tuuweke kando kwanza, tutazame vyuma. Chukua Subaru Forester ya turbo, gari ambalo kwa vijana wengi wa Kilimani, Lavington na Kangemi limekuwa kama sare, ulipange kizazi baada ya kizazi.

Forester ya kizazi cha pili, SG5, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Ile ya turbo ilikuwa na injini ya lita 2 na nguvu za farasi 220, na mteja wa kule aliulizwa achague: gia tano za mkono au otomatiki ya gia nne. Kizazi cha tatu, SH5, kilichotoka mwisho wa mwaka 2007, kiliacha mlango wa uchaguzi huo wazi. Kizazi cha nne, kilichozinduliwa mwisho wa mwaka 2012, ndicho kilichoufunga. Forester XT ya kizazi hicho ilipewa farasi 280 na giaboksi ya CVT, ile isiyo na ngazi za gia, peke yake. Gia za mkono zilibaki kwenye modeli isiyo na turbo, yaani kwa mtu asiyetafuta mbio. Kizazi cha tano cha mwaka 2018 kikaja bila klachi kabisa katika soko la Japani.

Katika safari yote hiyo hakuna mnunuzi wa Nairobi aliyeulizwa lolote. Magari yetu mengi hupita kwenye vichujio viwili kabla hayajafika kwenye yadi za Barabara ya Ngong, na gia za mkono zilikwama humo.

Vichujio viwili

Kichujio cha kwanza ni Japani yenyewe. Tangu mwaka 1991 nchi hiyo inatoa leseni ya gari la otomatiki pekee, na leo katika kila magari mia mapya ya abiria yanayouzwa kule, yenye klachi ni kama moja au mawili tu. Gari lisilonunuliwa jipya Japani haliwezi kuja kwetu likiwa limetumika. Kenya nayo imefuata mkondo huo: Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ina daraja la leseni la magari mepesi ya otomatiki, na mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kugusa klachi.

Kichujio cha pili kiko bandarini Mombasa. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kinakataa gari lililotimiza zaidi ya miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na kinataka usukani uwe kulia. Kila tarehe mosi Januari mwaka mmoja wa magari unafungiwa nje. Mnunuzi wa kawaida huagiza gari lililo karibu na ukingo wa sheria hiyo, kwa sababu ndilo ambalo bei yake imeshashuka kule. Kwa hiyo Nairobi huendesha maamuzi ya Japani ya miaka saba iliyopita.

Tazama jinsi kalenda hii inavyoibana WRX, sedani ya mbio ya Subaru. Mwaka 2014 Subaru iligawa gari hilo mara mbili kwa soko la Japani. WRX S4, yenye alama ya VAG, ilipewa injini mpya ya FA20 na CVT. WRX STI, yenye alama ya VAB, ilibaki na injini ya zamani ya EJ20 na gia sita za mkono. Maagizo ya STI yalifungwa mwisho wa mwaka 2019, likabaki toleo la kuaga la magari 555. Piga hesabu: mwaka 2026 bandari inapokea magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2019, na mwaka 2027 yale ya kuanzia Januari 2020. Baada ya hapo STI ya klachi kutoka Japani haina njia ya kuingia. WRX iliyoirithi kule mwaka 2021 ilitoka na CVT tu. Legacy ya turbo, iliyopendwa sana hapa, imeachia nafasi Levorg, na Levorg tangu izinduliwe mwaka 2014 haijawahi kuwa na klachi.

Otomatiki ilivyolipa deni lake

Vichujio vinaeleza kwa nini klachi haipatikani. Havielezi kwa nini wapenda mbio walikubali bila vita. Hapo inabidi tufungue giaboksi.

Otomatiki ya gia nne ya SG5 ilistahili kudharauliwa. Kati ya injini na gia hukaa toki konvata, chombo kinachopitisha nguvu kwa mafuta yanayozunguka, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto mpaka mfumo ujifunge kwa mwendo wa kasi. Tena gia zilikuwa nne tu, na pengo kati ya moja na nyingine lilikuwa kubwa. Ikiingia gia ya pili, mizunguko ya injini iliporomoka, turbo ikapoa, na dereva akasubiri. Msokoto wa injini ile, niutoni-mita 309, ulifika kileleni kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika. Mwenye gia tano za mkono aliweza kuishikilia injini juu ya hapo, otomatiki haikuweza.

Sasa linganisha WRX mbili za mwaka 2014. EJ20 ya STI ilitoa niutoni-mita 422, lakini kwenye mizunguko 4,400. FA20 ya S4 ilitoa 400, kuanzia mizunguko 2,000 hadi 4,800. Kwenye karatasi STI inashinda. Barabarani, injini inayotoa msokoto wake wote kuanzia chini haihitaji mkono wa kuikamata mahali pake. Ustadi wa kushusha gia kwa wakati, uliomtofautisha dereva na mwenye gari, ulihamishiwa ndani ya injini.

Mwinuko wa Nairobi uliikuza tofauti hiyo. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na ndiyo maana zamani gari dogo lenye klachi lilikuwa na maana ya kiufundi hapa: kupanda Waiyaki Way kuelekea Uthiru kulitaka gia ya chini na injini inayolia. Turbo hufidia hewa hiyo kwa kuisukuma. Ilipoungana na giaboksi isiyo na ngazi, kilima kilekile kikawa kazi ya mguu mmoja.

Halafu kuna jam. Kati ya Dagoretti Corner na Prestige jioni, au kushuka Museum Hill kuingia katikati ya jiji, gari husogea mita chache na kusimama, mara nyingi kuliko mtu anavyotaka kuhesabu. Klachi ya STI ni nzito kwa sababu springi zake lazima zibane diski dhidi ya msokoto mkubwa. Ukiikanyaga saa nzima kwa ajili ya kutambaa, gari la ndoto linakuwa adhabu ya goti. Barabara ya Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 huwapitisha juu wanaolipa, lakini inaishia Westlands, na ukishuka unarudi palepale.

Gharama iliyohama

Ushindi huo haukuja bure. Lineartronic, CVT ya Subaru iliyoanza na Legacy ya mwaka 2009, hutumia pulii mbili na mnyororo wa chuma unaobanwa kwa shinikizo la mafuta. Hakuna meno yanayoshikana. Kila kitu hutegemea msuguano, na msuguano hutegemea mafuta kuwa ya aina yake na kuwa safi. Zile "gia" nane ambazo S4 huzionyesha katika hali ya S# ni vituo vilivyopangwa na kompyuta, ili sikio lipate kitu cha kusikia. Fundi akimimina mafuta ya otomatiki ya kawaida humo, mnyororo huteleza na kukwaruza pulii, na hapo ukarabati kwa kawaida huwa ni kubadilisha giaboksi nzima.

Volkswagen zina somo lao. Golf GTI nyingi zilizotoka Japani zina DSG ya gia sita yenye klachi mbili zinazoogelea kwenye mafuta, inayobadilisha gia haraka kuliko mkono wowote wa binadamu. Golf za kawaida za injini ya lita 1.4 nyingi zina ile ya gia saba yenye klachi kavu. Mwezi Novemba 2013 kampuni iliita magari milioni 1.6 duniani kubadilishiwa mafuta ya giaboksi hiyo. Tena, klachi kavu haina cha kuipoza isipokuwa hewa, na ukitambaa nayo kwenye foleni unaisaga. Dawa yake ni ya tabia: acha nafasi ifunguke mbele, kisha sogea mara moja na usimame.

Kwa hiyo gharama haikuondoka, ilihama. Diski na presha pleti vya gari la klachi hupatikana Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Grogan, na fundi hodari huvifunga kwa siku moja. Giaboksi ya kisasa hutaka mashine ya kusoma kompyuta, mafuta maalumu na fundi aliyesomea jambo hilo. Mwenye otomatiki hulipa mara chache, lakini akilipa, anaumia.

Kubadilisha mwenyewe

Wapo wanaokataa kichujio na kugeuza otomatiki kuwa ya mkono. Kazi hiyo inawezekana, na mahali inapoharibika ni palepale kila mara. Watu hununua giaboksi, makanyagio, flaiwili na silinda za klachi, wakasahau difu ya nyuma. Subaru hizi huendesha magurudumu yote manne, kwa hiyo uwiano wa gia ya mwisho mbele, ulio ndani ya giaboksi, lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Ukifunga giaboksi ya 4.444 ukaacha difu ya 4.111, ekseli mbili zitavutana kila sekunde, na difu ya kati itapikwa mpaka ife. Shafti ya kwenda nyuma nayo hubadilika urefu, na kompyuta lazima iambiwe kwamba otomatiki haipo.

Kwa SG5, SH5 na Legacy za zamani, mtu akipata seti nzima kutoka gari moja lililokatwa, kazi hiyo ina mantiki. Kwa magari ya FA20 yenye CVT sishauri: kompyuta zake zimefumwa pamoja na giaboksi kiasi kwamba fedha hizo zingenunua gari jingine.

Wala tusijidanganye kwamba mashindano yatairudisha klachi. Safari Rally iliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya daraja la juu yalibadilishwa gia kwa vishikizo vya nyuma ya usukani. Kuanzia 2022 magari mapya ya daraja hilo, Rally1, yalirudishiwa mtaimbo wa gia na gia tano. Uamuzi huo ulikuwa sehemu ya kupunguza gharama na ugumu wa mitambo, na mtaimbo wenyewe huvutwa mbele na nyuma tu, huku klachi ikihitajika zaidi wakati wa kuondoka.

Anayetaka klachi leo asome karatasi ya mnada wa Japani kabla ya kusikiliza hadithi za yadi. F5 au F6 katika kisanduku cha gia ni mkono, FA ni otomatiki. Kwa WRX, VAB ni klachi na VAG ni CVT, hata muuzaji akibandika nembo ya STI kwenye buti. Nje ya Subaru, Suzuki Swift Sport ya turbo iliyotoka mwaka 2017 inafaa jiji hili: nyepesi, na klachi yake haichoshi. Mazda Roadster ipo. Toyota GR Yaris ya turbo, iliyotoka mwaka 2020, ilianza kwa gia sita za mkono pekee, na itaanza kuzeeka kufikia bei zetu pale STI itakapofungiwa mlango.

Lakini mwaka 2024 Toyota iliiongezea GR Yaris otomatiki ya gia nane. Wajapani waliochagua kati ya hizo mbili mwaka huo ndio walioamua yadi za Barabara ya Ngong zitauza nini mwaka 2031.