Mugumu bila mtandao: ramani ilivyotangulia gari

Katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na hata ukivuka Mnazi Mmoja ukaingia Mchafukoge, msafiri wa mikoani huuliza kabla ya kulipa: "Hii inashika mtandao vizuri?" Ana haki ya kuuliza, hasa kama mzigo wake unakwenda Loliondo au Liwale. Ila swali hilo limefunga mambo mawili katika furushi moja. Kujua ulipo ni jambo moja, kumjulisha mwenzako ulipo ni jingine. La kwanza halihitaji mnara wa simu hata kidogo. Kazi bora ninayoijua hapa nchini ya kuyatenganisha mambo hayo imefanyika Mugumu, wilayani Serengeti, na waliotafutwa huko porini walikuwa wasichana waliokimbia kukeketwa.

Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 15. Hata hivyo mkoani Mara Desemba, msimu wa ukeketaji, imeendelea kuwa ya hofu. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na nusura apoteze maisha, amewapokea wanaokimbia katika nyumba salama ya Mugumu, na tangu mwaka 2017 anaongoza shirika la Hope for Girls and Women. Taarifa huja kwa simu, mara nyingi usiku: kuna binti, kesho ni zamu yake. Anayepiga hutaja kijiji na kitongoji. Polisi wapo, gari lipo. Kitongoji kiko wapi? Ramani iliyomo kwenye simu za wengi ilikuwa ikionyesha barabara kuu, halafu nafasi tupu.

Kuijaza nafasi hiyo kulianza mwaka 2015 kupitia mradi wa Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walifungua picha za setilaiti, wakachora kila paa, kila njia na kila kijito juu ya OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo yeyote anaweza kuisahihisha. Mtu aliyeko Berlin anaona bati likimeremeta na anajua pana nyumba. Hawezi kujua pale panaitwaje. Hapo ndipo wenyeji waliposhika usukani: wakatembea na simu zao, wakaandika jina la kijiji, shule, zahanati, kanisa, duka. Kwangu mimi nusu hii ya pili ndiyo iliyookoa watu, kwa sababu anayepiga simu usiku hataji namba za setilaiti, anataja jina. Dar es Salaam tuliona kazi ya aina hiyo katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walipochora mitaro na vichochoro vya kata zinazofurika, lakini wao walifanya kazi chini ya minara. Serengeti ilibidi taarifa zikusanywe bila mtandao na kupakiwa baadaye.

Ramani ilipokamilika kiasi cha kutosha, ilipakuliwa kwenye simu kwa programu ya Maps.me. Faili likishaingia, barabara zote na majina yote vimo ndani ya simu, na hesabu ya njia hufanyika humohumo. Bando likiisha au mnara ukipotea, ramani haibadiliki. Leo wengi hutumia Organic Maps, iliyozaliwa kutokana na programu hiyo, na utaratibu ni uleule.

Sasa tufike kwenye jambo linalowasumbua madereva wengi, maana simu yenye ramani nzuri nayo huweza kukaa kimya porini. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu ikizisikia nne, inakokotoa ilipo. Ukiwa mjini, simu huchukua ratiba za setilaiti kupitia mtandao kwa sekunde chache. Bila mtandao lazima izipokee kutoka angani, kwa kasi ya biti 50 tu kwa sekunde. Setilaiti hurudia taarifa zake kila baada ya sekunde 30, na orodha ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kukamilika. Kwa hiyo simu iliyozimwa Dar es Salaam ikawashwa Serengeti huonekana kama imekufa. Dereva hukosa subira, anaendelea kuendesha chini ya miti, mawimbi yanakatika, na simu inaanza upya. Dawa yake ni kusimama mahali peupe, kutoa simu nje ya gari na kusubiri. Baada ya hapo itakuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita tano hivi. Na ukiweka alama ya ndege, simu nyingi za sasa huendelea kupokea GPS huku zikiacha kuhangaika kutafuta mnara, kazi inayomaliza betri haraka kuliko ramani yenyewe.

Kumjulisha mwenzako kunahitaji nidhamu ya namna nyingine. Mugumu iko karibu na latitudo -1.85 na longitudo 34.70. Sahau alama ile ndogo ya kutoa, nawe umewapeleka polisi Karamoja, Uganda, zaidi ya kilomita 400 kaskazini. Kata namba zibaki desimali mbili, nawe unaweza kukosea nusu kilomita, umbali unaotosha kugonga boma la watu wengine usiku wa manane. Desimali nne hukuweka ndani ya mita kumi na kidogo. Namba hizo zote mbili zinaenea katika ujumbe mfupi wa maandishi, ambao hupenya hata pale ambapo mnara ni dhaifu kiasi kwamba sauti inakatika. Shirika la Mugumu pia limewapa wanawake wa vijijini simu zenye fomu za kuripoti ukatili: fomu hujazwa bila mtandao, hukaa ndani ya simu, na hutumwa mwenye simu akifika penye mnara. Haifai kwa dharura ya saa ileile, lakini hakuna taarifa inayopotea njiani.

Kwa dharura yenyewe, simu ya upepo bado haijapata mbadala wa bei nafuu. Zile za VHF zilizomo kwenye magari ya watalii husafirisha mawimbi karibu kwa mstari mnyoofu, hivyo kilima kimoja kinaweza kuwanyamazisha watu wawili walio karibu. Za HF hurusha mawimbi juu, yakagonga tabaka la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Anayenunua jozi Kariakoo ajue kwamba masafa ni mali ya umma na kibali hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA.

Ramani nayo ina mipaka yake. Picha ya setilaiti ya kiangazi huonyesha njia nyeupe iliyonyooka, na masika udongo mweusi wa mbuga huimeza njia ileile pamoja na magurudumu. Mwenyeji anayejua daraja lipi limekwenda na maji hajapata mbadala, na msafara wenye busara humchukua. Minara inaongezeka pia: Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hata hivyo mnara hauwezi kukuonyesha kitongoji ambacho hakuna aliyewahi kukiandika.

Kwa hiyo, msomaji, ukirudi kijijini kwenu likizo ijayo, fungua OpenStreetMap uangalie kama jina la kitongoji chenu lipo. Kama halipo, liandike, na uonyeshe kisima, zahanati na njia ya kuingilia. Hakuna ada.