Padri wa Jangwani na Barua Zake za Vita

Jina la Charles de Foucauld si geni kwako. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022, na tangu siku ile picha yake, kanzu nyeupe yenye moyo mwekundu na msalaba kifuani, imebandikwa katika makanisa mengi. Lakini habari zake tulizisikia zamani kabla ya hapo: kijana tajiri mpenda anasa, ofisa wa jeshi, mtawa, kisha maiti katika mchanga wa Sahara. Masimulizi hayo karibu yote yana chemchemi moja, nayo ni kitabu cha René Bazin kilichotolewa Paris mwaka 1921. Nimekisoma tena kitabu hicho polepole, kwa sababu ya kijana mmoja aliyenisimamisha nje baada ya Misa akaniuliza: «Je, ni kweli kwamba mtakatifu huyu alikuwa mpelelezi?»

Swali lile halistahili kujibiwa kwa hasira. Tulitazame.

Kwanza yafaa kujua jangwa lenyewe lilikuwaje. Watu wasiolijua hudhani ni mahali patupu pasipo mambo ya utawala. Sivyo. Katika milima ya Hoggar, kusini kabisa ya Algeria, walitawala Watuareg wa Kel Ahaggar, wenye ngamia, watumwa na desturi zao za heshima. Wafaransa waliwapiga huko Tit mwezi Mei 1902; miaka miwili baadaye mkuu wao Moussa ag Amastan akafanya amani nao. Padri de Foucauld akafika Tamanrasset Agosti 1905, akaletwa na njia ile ile iliyofunguliwa na bunduki. Rafiki yake mkubwa, Laperrine, ndiye aliyekuwa kamanda wa askari wa ngamia. Bazin ayasimulia haya kwa furaha, kama mtu asimuliaye harusi. Hajiulizi hata mara moja Watuareg waliwaonaje wageni wawili waliokuja pamoja, mmoja na upanga, mwenziwe na kalisi.

Mashariki ya Hoggar palikuwa na mpaka wa Libya. Waitalia waliishambulia nchi ile mwaka 1911, na waliowapinga kwa nguvu kuliko wote walikuwa Wasenusi, tarika ya Kiislamu yenye nyumba zake za sala na biashara katika oasisi nyingi. Vita Kubwa ilipoanza mwaka 1914, Waitalia walisukumwa kutoka Fezzan, na silaha zao nyingi zikaangukia mikononi mwa Wasenusi. Waturuki na Wadachi wakawatia moyo. Machi 1916 ngome ya Wafaransa huko Djanet ikatekwa. Desemba mwaka ule ule Kaocen akauzunguka mji wa Agadez katika Niger, na mji ule haukufunguliwa mpaka Machi 1917. Basi mpaka wote ulikuwa unawaka moto, na katikati yake aliishi mtu mmoja mweupe, peke yake, ajuaye Kituareg kuliko ofisa yeyote.

Je, mtu huyo alifanya nini? Aliandika barua. Aliandika karibu kila siku ya maisha yake, na wakati wa vita aliwaandikia pia maofisa, wale wa ngome ya Motylinski iliyokuwa jirani, na Laperrine aliyekuwa akipigana Ufaransa. Aliwaambia nani amepita, kabila gani linasitasita, habari gani zimeletwa kutoka mashariki, Moussa yuko wapi na moyo wake uko wapi. Alitoa pia mashauri ya vita. Mwanzoni alifikiri kwenda mwenyewe kwenye mapigano kama padri wa askari au mchukuzi wa majeruhi; Laperrine akamshauri abaki pale alipo, na yeyote aweza kufahamu kwa nini kamanda alipenda abaki.

Hapo ndipo nagombana na Bazin. Hakuficha urafiki ule, wala hakuficha upendo wa Padri kwa jeshi la nchi yake. Kosa lake ni jingine: haoni kwamba pana neno la kuulizwa. Kwake Ufaransa na Injili ni kitambaa kimoja, ukivuta uzi huu na ule waja. Yeye mwenyewe ndiye aliyepokea ile barua ya tarehe 29 Julai 1916, ambamo Padri asema kwamba watu wa Afrika ya Kaskazini wasipofanywa Wafaransa polepole, siku moja watawafukuza Wafaransa. Na kwamba hawatakuwa Wafaransa kweli wasipokuwa Wakristo. Nusu ya utabiri ule ilitimia: Algeria ilijitawala mwaka 1962. Nusu ya pili sisi Waafrika twaisoma kwa uchungu, maana yaugeuza ubatizo kuwa karatasi ya uraia. Tuseme wazi kwamba hapo mtakatifu alikosea. Alikuwa mtu wa zamani zake, mwana wa Strasbourg aliyeuona mji wake ukichukuliwa na Wadachi akiwa mtoto, na jeraha lile halikupona.

Lakini neno «mpelelezi» nalo lapita kiasi. Mpelelezi huficha kazi yake na hulipwa. Kweli, kazi kama hiyo alipata kuifanya: mwaka 1883 na 1884 alizunguka Marokko akiwa amevaa kama Myahudi, akiandika kwa siri katika vijikaratasi, na kitabu chake cha 1888 kiliwafaa sana wanajeshi. Wakati ule hakuwa na imani. Alirudi kwa Mungu mwaka 1886. Kule Tamanrasset hakujificha. Kila mtu alijua kwamba ni Mfaransa na kwamba maofisa hula kwake. Tena maofisa hao hawakusikia sifa tu kutoka kwake. Huko Béni Abbès, mwaka 1902, alipowaona Wafaransa wakiuacha utumwa uendelee ili wasiwachukize wakubwa, aliukemea kwa ukali, akikumbuka lile neno la nabii Isaya juu ya mbwa wasioweza kubweka. Aliwakomboa watumwa kadhaa kwa fedha.

Tena pana kazi ya kamusi. Miaka kumi na zaidi alikusanya maneno, mashairi na methali za Watuareg. Kamusi yake kubwa ilitolewa baada ya kufa kwake, katika mabuku manne, mwaka 1951 na 1952. Watu wengine wasema kamusi nayo ni chombo cha utawala. Labda. Lakini ofisa atakaye habari za njia na visima hahitaji maelfu ya mistari ya mashairi ya mapenzi na ya mapigano. Mtu hufanya kazi ile kwa sababu amewapenda watu. Na mwanzoni mwa 1908, alipokuwa karibu kufa kwa njaa na ugonjwa, hao hao Watuareg walikamua mbuzi wao wakati wa ukame, wakamwokoa kwa maziwa yao. Kwangu mimi kurasa za mwaka ule zapita zote nyingine.

Juu ya kifo chake, mtu asome kitabu cha Antoine Chatelard, ndugu mdogo wa Yesu aliyekaa miaka mingi Tamanrasset. Kitabu chake cha mwaka 2000 chapima mashahidi mmoja mmoja, kama hakimu. Bazin ametupa picha ya martiri. Wale waliotengeneza sinema ya mwaka 1936 wakaongeza rangi. Chatelard atuonyesha mambo yalivyokuwa. Mwaka 1916 Padri alihamia boma alilolijenga ili watu wa kijiji wakimbilie humo: ukuta mnene, handaki, kisima ndani. Alikubali bunduki na risasi ziwekwe humo. Jioni ya tarehe 1 Desemba mtu aliyemjua, El Madani, alibisha hodi akisema ameleta barua. Padri akanyosha mkono, akavutwa nje, akafungwa. Yaelekea walitaka kumteka, tena walizitaka zile bunduki. Ghafla wakatokea askari wawili wa ngamia. Kijana wa miaka kama kumi na mitano aliyewekwa kumlinda akashikwa na hofu, akampiga risasi. Kabla mwezi haujaisha ofisa mmoja aliikuta monstransi imetupwa mchangani.

Alikufa kwa ajili ya imani, au kwa ajili ya bunduki? Chatelard haharakishi kujibu, nami namshukuru. Kanisa lenyewe, lilipomtangaza mwenye heri mwaka 2005, halikumwita martiri. Lilimpima kwa maisha yake.

Kitu kimoja zaidi. Moussa ag Amastan alipopata habari, alimwandikia dada yake Padri barua ya kilio, akisema kwamba marabuti huyu hakufa kwa ajili ya Wafaransa tu, bali kwa ajili yao wote. Moussa alijua habari za maofisa kuliko sisi. Alijua nani alikuwa akiandikiana na nani. Kijana wangu wa parokia nimempa barua hiyo aisome kwanza, halafu Chatelard. Bazin atakisoma mwisho, kama atapata nafasi.