Mkono wa mkandaji

Ukitoka Makurunge kwenda Saadani kwa pikipiki, wewe unafika kwanza, kiuno kinakuja baadaye. Ndivyo nilivyofika kwa bibi mmoja mkandaji ambaye wateja wake wengi ni wavuvi na vibarua wa mashamba ya chumvi, watu wa kuinama kutwa. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama nikivua viatu, kimya. Kumbe uchunguzi ulikuwa umeshaanza: alitaka kuona upande upi naukwepa.

Kisha maswali. “Umeanguka? Homa unayo? Ganzi inashuka mguuni? Haja ndogo unaipata sawasawa, mwanangu?” La mwisho lilinitia haya, lakini ndilo lililonifanya nimwamini. Kiuno kinachouma pamoja na mkojo kuziba hakikandwi, kinakimbizwa hospitali.

Kabla zamu yangu haijafika aliletwa kijana aliyeanguka mnazi. Bibi aligusa kifundo cha mguu kwa kidole kimoja, akaondoa mkono. “Huyu akapigwe picha kwanza.” Ndugu wakanung'unika, maana Bagamoyo ni mbali na nauli ni hela. Hakuongeza neno, na pesa yao hakuipokea. Mimi kipimo changu cha kwanza tangu hapo ni hicho: je, fundi huyu amewahi kumrudisha mtu? Ambaye kila ugonjwa ni wake, muage mapema.

Mafuta yanuse. Ya nazi yaliyopikwa kwa tui zuri yana harufu tamu ya machicha. Yaliyochacha yanakera pua na hubaki kwenye nguo wiki nzima. Ya karafuu au mkaratusi yanapasha ngozi joto, basi. Usidhani fundo la msuli limelegea kwa kuwa mgongo unawaka. Bibi yeye alipasha chumvi ya mawe kikaangoni, akaifunga kwenye kipande cha kanga, akakibonyeza kwanza ndani ya mkono wake mwenyewe, akahesabu kidogo, ndipo akakileta kwangu.

Wengi tunapima ukandaji kwa kelele. Mtu asipopiga yowe anaona kaibiwa. Niliwahi kulalia mkeka wa mchuaji mmoja Dar es Salaam aliyepanda mgongoni kwa kiwiko. Nilimsifu kwa nguvu zake, kisha nikakaa siku saba damu imevilia. Mkono mbaya unakanda kila mahali sawasawa, kama unga wa chapati. Mkono mzuri unapita juu juu, unalikuta fundo, unatulia hapo, unangoja ushushe pumzi, ndipo unazama. Inauma, ndiyo, lakini ni maumivu yanayopungua kila ukipumua. Yakizidi, au yakichoma kama umeme, sema.

Chuku ni habari nyingine. Zamani mwumishi alinyonya hewa kwa mdomo kwenye ncha ya pembe. Leo ni vikombe vya plastiki na pampu, na wengi huviita hijama. Zile duara zinazobaki mgongoni ni damu iliyovutwa chini ya ngozi, hufifia baada ya siku kadhaa. Anayekuonyesha damu iliyoganda kikombeni na kukuambia ndiyo sumu yako, huyo anapiga chuku mara mbili. Ngozi ikichanjwa, wembe uwe mpya na mikono iwe na glavu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikubali kabisa.

Sindano za Kichina utazifuata mjini. Si ugeni wa jana: madaktari wa China walianza kutumwa Zanzibar mwaka 1964, na Bara mwaka 1968. Sindano ni nyembamba kama unywele, haina dawa ndani, na huachwa mwilini dakika 20 hadi 30. Tarajia kichomo kama cha mbu, halafu uzito au ganzi nyepesi, ambayo wenyewe wanaiita deqi. Pakiti ifunguliwe mbele yako, na zikitolewa zihesabiwe. Mtazame mchomaji hasa anapofika kifuani na mabegani: fundi anaingiza kwa mshazari, kina kifupi, maana pafu liko pale pale chini. Mgongo wa miaka na kichwa cha mara kwa mara vinaweza kupata nafuu. Akikuahidi kukuponya kisukari, vaa viatu. Cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, kiulize bila kuona haya. Kitakuonyesha kasajiliwa, ingawa mkono wake utaujua mwenyewe.

Bibi aliponimaliza alinikalisha kwanza, akaninywesha maji, akanizuia nisisimame ghafla. Akanikataza pia kuoga maji baridi hadi kesho yake. Kwa hilo hatukubaliani mpaka leo, ila siku ile sikuoga.